Mchanga Haujai kwa Mvua Moja

Katika Kaunti za Kitui na Makueni watu huuliza swali moja kila kiangazi: kwa nini taabu ya maji haikomi, ijapokuwa serikali nyingi zimekuja na kupita, na kila moja imeahidi kuikomesha? Swali hili ni la haki. Mama anayeamka alfajiri kufuata maji kwa punda hana haja ya maneno matamu. Ana haja ya maji. Lakini jibu lake si fupi. Makala hii yakusudia kulieleza kwa utaratibu, ili msomaji apate kupima mwenyewe ni jambo gani linalotaka subira, na ni jambo gani lisilostahili kusubiriwa hata siku moja.

Yafaa kwanza kuifahamu nchi yenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kitui na Makueni zilikuwa na watu zaidi ya 2,100,000. Mvua zao ni za misimu miwili, yaani masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Na wakulima wengi huitegemea vuli kuliko masika. Mvua hiyo aghalabu hunyesha kwa nguvu nyingi kwa siku chache. Mito kama Kiindu na Tiva huko Kitui, au Kaiti huko Makueni, hufurika kwa saa kadhaa, kisha maji huenda zake na kuacha mchanga mtupu. Basi shida ya nchi hii si uchache wa mvua peke yake. Shida ni kwamba mvua inayokuja haikai.

Hali hii si ngeni. Wakamba huzipa njaa majina na kuzikumbuka kwa vizazi. Ile ya miaka ya 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake ni "nafa hali nimeshika", kwa sababu mtu aliweza kuwa na fedha mkononi na asipate chakula cha kununua. Jambo lililodumu muda huo wote haliwezi kuondolewa kwa tangazo moja. Lakini limekwisha kujaribiwa kuondolewa hivyo, na yaliyotokea yatufundisha mengi.

AMRI YA MWAKA 1938

Katika miaka ya 1930, Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, na hali ya udongo wa wilaya hiyo ilikuwa mbaya sana. Milima ilikuwa wazi, na makorongo yalikuwa yamepasua mashamba. Mwaka 1937 mtaalamu wa udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika taarifa ya kutisha juu ya mmomonyoko huo. Serikali ikakata shauri kwamba ng'ombe ni wengi mno, na kwamba dawa ni kuwapunguza upesi.

Mwaka 1938 mifugo ikaanza kuuzwa kwa lazima. Kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimekwisha kujengwa Athi River, tayari kununua ng'ombe. Lakini wenye ng'ombe waliliona jambo hili kwa jicho lingine. Malisho yao yalikuwa yamepungua baada ya vilima vya Mua kupewa walowezi, na baada ya njia yao ya kulisha katika nchi ya Yatta kuzuiliwa. Isitoshe, ng'ombe alikuwa akiba, mahari, na kinga ya njaa. Mtu aliyeambiwa amtoe ng'ombe wake leo, ili udongo upone siku moja ambayo hakuna aliyeweza kuitaja, hakuona faida yake.

Mwezi wa Julai mwaka huo, mamia kwa mamia ya Wakamba, wanaume na wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kutaka kusikilizwa na Gavana, nao wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali ililazimika kuiacha amri ile ya kuuza ng'ombe kwa nguvu. Leo barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina la Muindi Mbingu.

Tazama hasara ya haraka ile. Udongo haukupona hata kidogo, na zaidi ya hayo watu walikuwa wamejifunza kuogopa kila neno lenye kuhusu hifadhi ya udongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, matrekta yalipoletwa kuchimba matuta, mahali pengine watu walilala mbele yake yasipite. Huko Makueni, serikali ilipofyeka pori lenye mbung'o na kutoa mashamba mapya, watu wengi mwanzoni walikataa kuhamia, wakidhani kwamba ni hila nyingine. Kazi ya kuwaridhisha watu ilichukua miaka mingi kuliko ile iliyodhaniwa kuokolewa kwa amri.

KAZI YA JEMBE NA YA MIAKA

Kilichoiponya milima ya Machakos na Makueni kilikuja polepole, nacho kilikuja kwa mkono wa wenye mashamba. Katika miaka ya 1950 kazi ya vikundi vya mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi kwa zamu, ilianza kufanywa na vikundi vilivyochagua viongozi wao wenyewe. Wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake. Wakulima waliyalinganisha matuta ya namna mbalimbali, wakayapenda yale yaitwayo fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima, akautupa udongo upande wa juu. Mvua baada ya mvua, udongo ulioteremka huzuiliwa na tuta hilo, na kwa miaka kadhaa shamba la mteremko hugeuka kuwa ngazi zilizo sawa. Mtu hakuisawazisha ardhi kwa siku moja. Aliweka kizuizi, na mvua ikamaliza kazi.

Sababu nyingine ilikuwa faida. Palipokuwa na kahawa, mboga, au matunda ya kuuzwa sokoni, mkulima aliona wazi kwamba tuta lamlipa. Kadhalika mbegu. Uchunguzi wa mahindi yanayokomaa mapema ulianza Katumani, karibu na mji wa Machakos, katika miaka ya 1950. Mbegu ya Katumani iliyojulikana sana ilitolewa kwa wakulima mwishoni mwa miaka ya 1960. Muda huo haukuwa uvivu. Mbegu haina budi kupandwa, kuvunwa, kuchaguliwa na kupandwa tena, na hakuna waziri awezaye kuliamuru hindi likomae kabla ya siku zake.

Matokeo yake yalionekana baada ya nusu karne. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya hiyo. Walilinganisha picha zilizopigwa mwaka 1937 na picha za mahali palepale zilizopigwa zaidi ya miaka 50 baadaye. Idadi ya watu ilikuwa imezidi mara tano au zaidi. Hata hivyo, miteremko iliyokuwa uchi ilikuwa imefunikwa na matuta, miti na mazao. Wale waliosema mwaka 1937 kwamba nchi ile imekufa walikuwa wamekosea. Na wale walioahidi kuiponya kwa mwaka mmoja walikuwa wamekosea pia.

BWAWA LA MCHANGA HUFANYAJE KAZI

Kazi ya matuta ilikuwa ya kuzuia udongo. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuzuia maji, na hapa Kitui na Makueni zimejulikana ulimwenguni kwa mabwawa ya mchanga. Kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa Ukambani mwaka 1978, kilikuwa miongoni mwa vile vilivyoisukuma mbele kazi hii. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL, pamoja na wenyeji wa Kitui, limejenga mabwawa kwa mamia.

Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji uliojengwa kukata mto wa msimu, mahali ambapo mwamba uko karibu. Wenyeji huchota mchanga na maji, huponda na kubeba mawe, na kuchimba msingi mpaka mwamba uonekane. Msaada wa nje aghalabu huwa ni saruji, vyuma na fundi. Mvua ikinyesha, mafuriko huja na mchanga na udongo laini. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, hukaa nyuma ya ukuta. Udongo laini hupita juu pamoja na maji na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja, miwili, mitatu, au hata zaidi, nafasi yote nyuma ya ukuta huwa imejaa mchanga.

Mtu asiyejua akiona mchanga umejaa hufikiri kwamba bwawa limeharibika. Kumbe ndipo limekamilika. Kati ya chembe na chembe ya mchanga mna nafasi, na nafasi hizo huchukua maji kadiri ya robo moja hadi theluthi moja ya ukubwa wa mchanga wenyewe. Maji yaliyo chini hayapatwi sana na jua, hayachafuliwi na ng'ombe, na mbu hawazai humo. Bwawa moja zuri huweza kuhifadhi mamilioni ya lita. Watu huchimba visima mchangani au huweka bomba, na kando ya mto maji hupenya ukingoni, hata miti na mboga zikasitawi wakati wa kiangazi.

Lakini sharti liko, na sharti hili ndilo kiini cha maneno yetu. Ukuta ukiinuliwa juu sana kwa mara moja, maji ya mafuriko hutulia nyuma yake kama ziwa. Maji yakitulia, udongo laini nao hushuka chini, ukachanganyika na mchanga na kuziba nafasi zote. Bwawa hujaa upesi, lakini hujaa matope. Na matope huyashika maji yasitoke. Watafiti waliokagua mabwawa ya Kitui na Makueni wamekuta baadhi yake yakiwa katika hali hiyo: ukuta ni imara, bwawa limejaa, na maji ni haba. Kwa sababu hiyo wako mafundi wanaoshauri ukuta uinuliwe kwa hatua. Hujengwa kimo kidogo, ukangojewa msimu ulete mchanga, kisha hupandishwa tena.

Pia ni lazima kutazama mlima kabla ya mto. Ikiwa mashamba ya juu hayana matuta, mvua itaendelea kuteremsha udongo laini, na bwawa litaumia. Kwa hiyo mtu wa mlimani anayechimba mtaro wake leo anamtengenezea maji mtu wa bondeni atakayechota baada ya miaka mitatu. Wawili hawa huenda hawajuani.

MAADUI WA KAZI YA POLEPOLE

Kazi ya namna hii ina adui wawili. Wa kwanza ni fedha ya haraka. Miji yetu, hasa Nairobi, yataka mchanga wa kujengea nyumba, na lori moja la mchanga humpa kijana malipo ya siku hiyohiyo. Lakini mchanga ukichukuliwa mpaka mwamba, mto hauna tena mahali pa kuweka maji, na visima hukauka. Kilichokusanywa na mafuriko ya miaka mingi huweza kuondolewa na malori katika muda mfupi mno. Kwa sababu hiyo Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Sheria hiyo ni ya lazima, lakini kijana anayenyimwa mchanga lazima aonyeshwe kazi nyingine. Amri isiyoangalia tumbo la mtu tumekwisha kuiona mwaka 1938.

Adui wa pili ni kalenda ya uchaguzi. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 kwa nguvu ya Katiba ya mwaka 2010, wapiga kura wa Kitui na Makueni wamekuwa wakiwachagua magavana wao kila baada ya miaka mitano. Ni jambo jema, kwa kuwa kiongozi hujua kwamba atahesabiwa. Lakini miaka mitano ni mifupi kwa mto. Bwawa lililojengwa katika mwaka wa tatu wa gavana mmoja huenda likatoa maji mazuri katika wakati wa gavana mwingine; na miti iliyopandwa mlimani huenda ikamfaa wa tatu. Basi kiongozi hushawishika kufanya yale yanayopigwa picha upesi, na yule anayemfuata hushawishika kuyaacha ya mwenzake na kuanza mapya yenye jina lake. Hivyo nchi hubaki na misingi mingi na kuta chache.

Wapiga kura nao wana sehemu yao katika lawama hii. Tukiuliza tu, "Umetujengea nini?", tutapewa majengo. Hatuna budi kuuliza pia, "Ulichokikuta umekitunza namna gani?"

SUBIRA NA HESABU

Hapa msomaji ana haki ya kutahadhari. Neno subira limetumiwa mara nyingi na watu wanaotaka wasiulizwe. Mwaka 2011, baada ya ukame mkubwa, serikali ya Kenya ilikubali kwamba itafanya kazi hata hali za dharura za ukame ziwe zimekomeshwa ifikapo mwaka 2022. Mwaka 2022 ulipofika, sehemu za mashariki na kaskazini mwa Kenya zilikuwa katika ukame uliohesabiwa kuwa mbaya kuliko wote wa miaka 40, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana au kupungua sana. Kadhalika Bwawa la Thwake, katika mpaka wa Makueni na Kitui, ambalo limekusudiwa kuwa na kimo cha mita 80 hivi na kuhifadhi maji mita za ujazo 688,000,000: ujenzi wake ulianza mwaka 2018, na hadi mwaka 2024 ulikuwa haujakwisha. Je, watu wa bonde lile waambiwe wasubiri tu?

Hapana. Kusubiri mchanga ujae ni jambo moja, na kusubiri malipo ya mkandarasi yatoke ofisini ni jambo jingine. La kwanza limewekwa na maumbile ya nchi, wala hakuna awezaye kuliharakisha bila kuliharibu. La pili limewekwa na watu, na watu waweza kuliondoa. Anayechanganya mambo haya mawili, kwa makusudi au kwa kutojua, huwadhulumu wananchi kwa namna mbili. Huwafanya wavumilie uzembe, na pia huwafanya wachoke na kazi ya kweli ambayo muda wake bado.

Njia ya kuyatenganisha iko, nayo haihitaji elimu kubwa. Kazi inayokwenda vizuri, hata iwe ya miaka 20, huonyesha hatua yake kila msimu. Kikundi cha mwethya hujua ni mitaro mingapi iliyochimbwa kabla ya vuli, na mchanga umepanda kadiri gani ukutani baada ya vuli. Mtu yeyote aweza kwenda kutazama. Basi na mipango mikubwa ipimwe hivyo hivyo. Katika mkutano wa hadhara, mwananchi aulize: Msimu uliopita mlisema mtafanya nini? Kimefanywa kiasi gani? Fedha iliyotumika ni ngapi? Kinachongojewa sasa ni mvua, au ni mtu? Ikiwa ni mvua, tutangoja pamoja nanyi. Ikiwa ni mtu, tuambieni jina la ofisi yake na siku atakayomaliza.

Na wakati wa kungoja, lazima wahitaji wasaidiwe. Mtu hawezi kunywa maji ya bwawa litakalojaa baada ya miaka mitatu. Maji ya lori, chakula cha msaada na lishe ya mifugo ni mambo ya leo, na serikali inayohubiri subira huku ikiyaacha haitasikilizwa, wala haistahili kusikilizwa. Lakini msaada wa leo usiile fedha ya kesho, maana ndipo kila kiangazi kinapotukuta pale pale tulipokuwa.

Wasemao kwamba subira yavuta heri wamesema kweli, nasi twapaswa kuangalia neno "yavuta". Kuvuta ni kazi, na anayevuta huona kamba ikisogea. Wanawake waliochimba mitaro ya Machakos na Makueni katika miaka ya 1950 hawakukaa kuingojea milima ijiponye. Walichimba kabla ya mvua, wakapanda mvua iliponyesha, na mwaka uliofuata wakarudia. Wengi wao hawakuwahi kuona picha zile zilizochapishwa mwaka 1994. Lakini wajukuu wao hulima katika ngazi walizoziacha.

Vuli ijayo itakuja kwa desturi yake, kwa nguvu na kwa siku chache. Mwenye shamba la mteremko atazame matuta yake sasa, ayatengeneze yaliyobomoka kabla ya mwezi wa Oktoba. Kikundi chenye bwawa kikague ukuta kama una ufa, na kando za mto kama zimeliwa na maji. Na kila mmoja wetu, siku ya mkutano wa makadirio ya fedha za kaunti, aende akaulize habari za kazi iliyoanzwa zamani kabla ya kuomba kazi mpya.